Menyu Zenye Mwendo na Injini za Utafutaji: Mwongozo kwa Tovuti za Kericho na Bomet

Injini ya utafutaji, kama vile Google au Bing, haingoji mtu aandike swali ndipo ianze kuhangaika kutafuta ukurasa unaolijibu. Huwa imekwisha kuzipitia kurasa mapema kwa kutumia roboti, yaani programu ambayo kazi yake ni kufungua ukurasa, kusoma maandishi yake, kukusanya viungo vilivyomo na kuvifuata kimoja baada ya kingine hadi kwenye kurasa nyingine. Ukurasa usiounganishwa na kiungo chochote ni vigumu kwa roboti kuugundua, hata ukiwa umeandikwa kwa ustadi wa namna gani, na sehemu ya tovuti ambayo kwa kawaida hubeba viungo muhimu kuliko nyingine zote ni menyu. Mwongozo huu unahusu menyu zenye mwendo, yaani zile ambazo vipengele vyake huteleza, hufunguka, hufifia au hubadilika umbo mtumiaji anapozigusa. Unaeleza jinsi zinavyoweza kusomwa na roboti bila mwenye tovuti kutumbukia katika spamu, ambayo ni jina la hila zote zinazokusudiwa kuidanganya injini ili ukurasa upandishwe juu ya nafasi unayostahili.

Suala hili lina uzito wake katika kaunti za Kericho na Bomet nchini Kenya, kwa kuwa bidhaa kuu ya huko, ambayo ni chai, hununuliwa na watu walio mbali sana na mashamba inakochumwa. Chai ya viwanda vya wakulima wadogo vilivyo chini ya KTDA, yaani wakala wa kuendeleza kilimo cha chai nchini, kama vile Litein, Kapkatet, Momul, Tegat, Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek, kwa sehemu kubwa hupitia mnada wa Mombasa, ambako katalogi humwonyesha mnunuzi jina la kiwanda, daraja la chai, liwe BP1, PF1, PD au D1, na uzito wa shehena, lakini haimsimulii habari za shamba wala za mkulima. Mnunuzi anayetaka kujua zaidi, hasa yule anayetafuta chai maalumu kama ile ya zambarau, iliyotokana na utafiti uliofanywa Kericho na kutolewa kwa wakulima mwaka 2011, huandika maneno machache kwenye kivinjari chake akiwa Karachi au London. Mgeni anayetaka kutembezwa mashambani, mwanafunzi anayetafuta fomu za Chuo Kikuu cha Kabianga, na mkulima anayetaka kujua bonasi ya mwaka, yaani malipo ya mwisho ya majani aliyouza, imetangazwa kiasi gani, nao huanza hivyo hivyo. Ikiwa menyu ya tovuti inapendeza kwa macho lakini roboti haikupata njia ya kupita ndani yake, kila mmoja wao atapelekwa kwenye tovuti ya mtu mwingine.

Roboti inaona nini

Tatizo lenyewe si geni. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010, menyu nyingi zenye mwendo zilitengenezwa kwa Flash, teknolojia iliyokuwa ya kampuni ya Macromedia kabla ya kampuni hiyo kununuliwa na Adobe mwaka 2005. Flash ilifungia menyu nzima, maandishi pamoja na viungo, ndani ya faili moja ambayo roboti za zamani hazikuweza kuipenya. Mwaka 2008 Google ilitangaza kwamba imeanza kusoma maandishi yaliyomo kwenye faili hizo, lakini mwaka 2019 ikatangaza kuacha kabisa. Adobe nayo ikasitisha Flash tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu ya kuonyeshea faili hizo ikaacha kuzifungua. Tovuti ambayo bado ina menyu ya namna hiyo haina cha kukarabatiwa. Iandikwe upya.

Menyu za siku hizi hutegemea lugha tatu zinazogawana kazi: HTML hubeba maandishi na viungo, CSS hueleza sura na mwendo, na JavaScript huongeza matendo, kama vile kufungua orodha ndogo mtu anapobofya. Googlebot, ambayo ni roboti ya Google, tangu Mei 2019 hutumia toleo la karibuni la kivinjari cha Chrome, kwa hiyo ina uwezo wa kutekeleza JavaScript ya kisasa, na wabunifu wengi wameishika habari hiyo kana kwamba imemaliza kila kitu. Wanalosahau ni kwamba roboti haibofyi vitufe, haipitishi kipanya juu ya picha, wala haiguswi na udadisi wa kutaka kujua kuna nini nyuma ya mlango. Huupakua ukurasa, huutekeleza, kisha husoma kile kilichomo kwa wakati huo. Orodha ambayo huundwa pale tu mtu anapobofya haimo, na viungo vyake havimo pia. Zaidi ya hayo, kutekeleza JavaScript ni hatua ya pili inayongojewa kwenye foleni baada ya HTML kusomwa, na roboti nyingi za kampuni nyingine haziifikii hatua hiyo kabisa. Hata WhatsApp, inapotengeneza kile kijisanduku chenye picha na kichwa cha habari cha kiungo kilichotumwa kwenye kikundi cha wakulima, husoma HTML peke yake.

Na ichukuliwe, kwa mfano, tovuti ya kiwanda cha kubuni kilichoko Konoin, ambayo menyu yake imechorwa kama tawi la mchai. Mtumiaji anapopitisha kipanya juu ya chipukizi, majani mawili hufunguka taratibu na katikati yake hujitokeza maneno «Chai ya zambarau». Nyuma ya chipukizi hilo mbunifu ameandika msimbo huu:

`<div onclick="fungua('zambarau')"><img src="chipukizi3.png"></div>`

Binadamu anaona mlango, ilhali roboti inaona kisanduku kisicho na anwani, chenye picha isiyo na maelezo. Maneno «Chai ya zambarau» yenyewe yamechorwa ndani ya picha, kwa hiyo kwa roboti si maneno, na anwani ya ukurasa unaofuata imefichwa ndani ya tendo la JavaScript ambalo roboti haitalianzisha. Google imekwisha kueleza waziwazi kwamba kiungo inachokifuata kwa uhakika ni kile kilichoandikwa kwa lebo ya `a` yenye sifa ya `href`, yaani sehemu inayotaja anwani ya kule kiungo kinakoelekea. Menyu ile ile, kwa mwendo ule ule wa majani kufunguka, ingeweza kuandikwa hivi:

`<nav><ul><li><a href="/chai/zambarau/">Chai ya zambarau</a></li></ul></nav>`

Hapa `nav` hutangaza kwamba sehemu hii ni ya kuongozea, `ul` na `li` huonyesha kwamba ni orodha na vipengele vyake, na `a` hubeba kiungo chenyewe. Tawi, chipukizi na majani huwekwa juu ya orodha hiyo kwa CSS, na hata CSS ikishindwa kupakuliwa kwa sababu mtandao umelegea, orodha hubaki na husomeka. Utaratibu ndio huo: kwanza orodha ya viungo halisi iandikwe ikiwa tupu na isiyo na pambo, ijaribiwe ikiwa katika hali hiyo, kisha mwendo uongezwe juu yake. Mbunifu anayeanza na mwendo, akitarajia kutafuta viungo baadaye, karibu kila mara huishia kwenye kisanduku kile cha kwanza.

Maneno ya kiungo yana kazi zaidi ya kumwelekeza msomaji, kwa sababu injini huyatumia kukadiria ukurasa unaofuata unahusu nini. Kiungo kinachosema «Bei ya majani mabichi na bonasi» kinaipa roboti habari ambayo «Soma zaidi» au «Bofya hapa» hakiwezi kuitoa. Pale ambapo picha ni lazima itumike kama kiungo, picha hiyo ipewe maelezo kwa sifa ya `alt`, ambayo husomwa na roboti na pia na kisoma-skrini, yaani programu inayomsomea kwa sauti mtu asiyeona. Maelezo hayo yawe mafupi na yaseme kile ambacho kiungo kinafanya. «Picha ya chipukizi» si maelezo ya kiungo kinachopeleka kwenye ukurasa wa chai ya zambarau.

Kosa jingine la kawaida ni kutumia alama ya reli katika anwani. Tovuti nyingi zinazobadilisha kurasa kwa JavaScript bila kupakua upya huandika anwani kama `kiwanda.co.ke/#ziara` na `kiwanda.co.ke/#wakulima`, na mtumiaji huona kurasa mbili tofauti zikiteleza kwa mbwembwe. Kwa injini ya utafutaji kila kinachofuata alama ya reli ni sehemu ya ukurasa ule ule mmoja, kwa hiyo tovuti yenye kurasa kumi huhesabiwa kuwa na ukurasa mmoja tu. Dawa yake ni kila ukurasa kuwa na anwani yake kamili, kama `kiwanda.co.ke/ziara/`, inayoweza kufunguliwa moja kwa moja na mtu aliyetumiwa na mwenzake. Mtelezo wa kuvutia unaweza kubaki, kwa sababu vivinjari vya leo huruhusu JavaScript kubadilisha anwani halisi bila kupakua ukurasa upya.

Simu ya mkononi ndiyo kipimo

Kipanya hupita juu ya kitu, lakini kidole hakipiti. Hugusa au hakigusi. Menyu inayofunguka kwa kupitishiwa kipanya peke yake ni menyu iliyofungwa kwa wengi wa wanaoitembelea tovuti kutoka Sotik, Longisa au Kapsoit, ambao kompyuta yao ni simu. Google nayo imehamia huko huko: baada ya mpito ulioanza kutangazwa mwaka 2016 na kukamilika Julai 2024, injini hiyo husoma tovuti kama inavyoonekana kwenye simu. Wabunifu wengi, ili mwendo usikwame kwenye skrini ndogo, hupunguza menyu ya simu ikabaki na vipengele vitatu au vinne, wakiamini kwamba menyu kamili ya kompyuta itafidia. Haifidii. Kiungo kisichokuwamo katika toleo la simu hakihesabiwi, na kurasa zilizokuwa zikitegemea kiungo hicho hubaki yatima.

Njia rahisi ya kupata orodha inayofunguka kwenye simu bila JavaScript ni lebo za HTML ziitwazo `details` na `summary`, ambazo kivinjari chenyewe huzijua na kuzifungua mtu anapogusa. Kwa menyu kubwa zaidi hutumika kitufe cha mistari mitatu, ambacho huficha orodha hadi kiguswe. Jambo la muhimu ni orodha yote iwe imekwisha kuandikwa ndani ya HTML tangu ukurasa unapofika, na kitufe kifanye kazi ya kuionyesha na kuificha tu, badala ya kwenda kuiomba kutoka kwenye seva baada ya kuguswa.

Mwendo wenyewe una gharama ambayo injini huipima. Google hutumia vipimo vitatu vya hali ya ukurasa kwa mtumiaji: kitu kikubwa kabisa kwenye skrini kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na alama ya kuruka-ruka kwa vitu kwenye skrini isizidi 0.1. Menyu inayosukuma maandishi chini inapojifungua yenyewe bila kuguswa huharibu kipimo cha tatu, na menyu inayopakua video ya mashamba ya kijani kibichi kabla ya kuonyesha neno lolote huharibu cha kwanza, mbali na kumla mkulima bando lake. Mwendo unaotumia sifa za CSS za `transform` na `opacity`, yaani kusogeza kitu juu ya vingine na kubadilisha kiwango chake cha kufifia, hausukumi vitu vingine na ni mwepesi hata kwa simu za bei nafuu. Wapo pia watumiaji wa Opera Mini, kivinjari ambacho katika hali yake ya kubana data hutayarisha ukurasa kwenye seva zake na kuutuma ukiwa umepunguzwa, na humo mwendo mwingi hupotea kabisa. Menyu iliyojengwa juu ya orodha halisi huwafikia watu hao ikiwa orodha, na kwao hilo linatosha.

Marekebisho haya haya ndiyo yanayomsaidia mtu mwenye ulemavu, na si kwa bahati, kwa kuwa kisoma-skrini na roboti husoma HTML ile ile. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari, na tovuti ya serikali ya kaunti au ya chuo cha umma haina udhuru wa kuipuuza. Miongozo ya kimataifa ijulikanayo kama WCAG inataka kitu kinachojiendesha chenyewe kwa zaidi ya sekunde tano kiwe na njia ya kusimamishwa, na inakataza kitu kumeta zaidi ya mara tatu kwa sekunde, kwa sababu kinaweza kumletea mtu mshtuko wa kifafa. CSS ina sharti liitwalo `prefers-reduced-motion` linalotambua kwamba mtumiaji ameomba mwendo upunguzwe katika mipangilio ya simu yake. Mistari michache ya msimbo inatosha kuliheshimu ombi hilo.

Pale msaada unapogeuka kuwa spamu

Mwenye tovuti anapoambiwa kwamba roboti haiioni menyu yake, kishawishi kinachomjia ni kuiacha menyu kama ilivyo na kuongeza kitu cha pembeni kwa ajili ya roboti peke yake. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa kanuni za injini zote kubwa zinakubaliana juu ya jambo moja: kinachoonyeshwa kwa roboti kiwe ndicho kinachoonyeshwa kwa binadamu. Orodha ya viungo iliyoandikwa kwa rangi nyeupe juu ya mandhari nyeupe, maandishi yaliyosukumwa nje ya skrini mahali ambapo hakuna atakayefika, herufi zenye ukubwa wa sifuri, kiungo kilichofichwa ndani ya nukta moja mwishoni mwa sentensi: vyote hivi huhesabiwa kuwa maandishi na viungo vya siri, hata kama nia ya aliyeviweka ilikuwa njema. Kibaya zaidi ni kuifanya seva imtambue mgeni kuwa ni roboti na kumpa ukurasa tofauti na ule anaopewa binadamu.

Ukubwa wa jina haumkingi mtu. Februari 2006 Google iliiondoa katika matokeo yake tovuti ya Ujerumani ya kampuni ya magari ya BMW, kwa sababu ilikuwa na kurasa zilizojaa maneno ya kutafutwa ambazo roboti ilizisoma, ilhali binadamu aliyezifungua alihamishwa papo hapo kwa JavaScript hadi ukurasa mwingine wenye picha nzuri na maandishi machache. Tovuti hiyo ilirejeshwa siku chache baadaye baada ya kurasa hizo kuondolewa. Kisa hiki kinafaa kukumbukwa kwa sababu shabaha yake ilikuwa hiyo hiyo inayojadiliwa hapa, yaani kuifidia tovuti yenye mbwembwe nyingi na maneno machache, na njia iliyochaguliwa ndiyo ile isiyofaa.

Katika ukanda wa chai, hila inayoelekea kuvutia zaidi ni kurasa za mlango. Kampuni ya ziara huandika ukurasa mmoja wa «Ziara za mashamba ya chai Kericho», kisha huunakili kwa Litein, Sotik, Kapsoit, Bureti na Konoin, ikibadilisha jina la mahali tu, na kila nakala huishia kwenye fomu moja ya kuweka nafasi. Injini huzitambua nakala hizo na kuziona kuwa spamu. Kama kweli kampuni ina ziara inayoanzia Litein, yenye njia yake, muda wake na bei yake, basi ukurasa wa Litein unastahili kuwapo na kuwekwa kwenye menyu. Kama haina, kipengele cha Litein kwenye menyu ni uongo kwa mgeni kabla hakijawa uongo kwa Google.

Kurundika maneno, yaani kurudia «chai bora ya Kericho» katika kila kiungo cha menyu, kila maelezo ya picha na kila kichwa cha habari, ni sawa na mkulima anayelowesha majani kabla ya kuyafikisha kwenye kituo cha kununulia ili gunia lizidi uzito: karani anajua, na anapunguza. Wapo bado washauri wanaouza huduma ya kujaza lebo ya siri ya maneno muhimu juu ya ukurasa, ilhali Google ilikwisha kutangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii lebo hiyo kupanga matokeo. Fedha hiyo ni heri ikatumika kumlipa mtu aandike ukurasa mmoja wa kweli.

Upo pia ushawishi unaotokana na majina. Mashamba makubwa ya Kericho yamebadilisha mikono mara kadhaa. Yaliyokuwa ya Brooke Bond yakawa ya Unilever, yakapita katika jina la Ekaterra na la Lipton Teas and Infusions, na watu wengi bado huyaita kwa jina la kwanza. Biashara iliyo jirani inaweza kujaribiwa kuyaficha majina hayo ndani ya menyu ili iwanase wanaoyatafuta. Njia ya haki ni ukurasa unaoonekana wa historia ya eneo, unaoyataja majina hayo mahali yanapohusika na kufikiwa kwa kiungo cha kawaida. Kwa upande wa kampuni yenyewe iliyobadili jina na anwani, kila anwani ya zamani ielekezwe kwenye mpya kwa uhamisho wa kudumu, ambao seva huutangaza kwa namba 301, la sivyo viungo vyote vilivyojengwa kwa miaka mingi hufia njiani.

Si kila kilichofichwa ni spamu, na hofu iliyopita kiasi nayo huharibu tovuti. Menyu iliyo nyuma ya kitufe cha mistari mitatu ni halali, kwa sababu mtumiaji ana njia ya kuifungua. Maelezo yanayofunguka chini ya swali ni halali. Na maneno «Ruka hadi kwenye habari», yasiyoonekana kwa macho lakini yanayosomwa na kisoma-skrini, yamewekwa kwa ajili ya mtu halisi. Swali la kujiuliza mbele ya kila kilichofichwa ni kama yupo binadamu atakayekifikia na kunufaika nacho. Akikosekana, kiondolewe.

Nyongeza zinazosaidia, na namna ya kupima

Ramani ya tovuti, ambayo ni faili iitwayo kwa kawaida `sitemap.xml` inayoorodhesha anwani za kurasa, hukubaliwa na injini zote kubwa, na faili moja huweza kubeba hadi anwani 50,000, idadi ambayo hakuna kiwanda cha chai kitakachoikaribia. Faida yake ni kuharakisha ugunduzi wa kurasa mpya. Haifichi ubovu wa menyu, kwa sababu haionyeshi kurasa zimeunganishwa vipi kwa viungo. Faili ya `robots.txt`, inayoziambia roboti zisiingie wapi, nayo ikaguliwe, kwa kuwa mara nyingi hupatikana ikizuia folda za CSS na JavaScript kwa mazoea ya zamani, na roboti ikizuiwa huko huuona ukurasa ukiwa umevunjika.

Lugha huhitaji uangalifu wa pekee. Menyu inayobadilisha lugha kwa vibendera vinavyozunguka ni pambo lisilo na maana nchini Kenya, ambako Kiswahili na Kiingereza vyote ni lugha rasmi chini ya bendera moja. Viandikwe kwa majina, kila kimoja kikiwa kiungo cha anwani yake, na uhusiano wa kurasa hizo utangazwe kwa sifa ya `hreflang` yenye alama `sw` na `en`. Google inaisoma sifa hiyo kwa alama za lugha za herufi mbili, na Kikalenjin hakina alama ya herufi mbili; ukurasa wa Kikalenjin kwa hiyo utambulishwe ndani ya HTML yake kwa `lang="kln"` na uunganishwe na zilizobaki kwa kiungo cha kawaida, jambo linalotosha kuufikisha kwa roboti.

Upimaji hauhitaji mtaalamu. JavaScript izimwe katika mipangilio ya kivinjari, ukurasa ufunguliwe upya, na ionekane kama menyu bado inaongoza mahali. Kitufe cha Tab kwenye kibodi kibonyezwe mfululizo, na kila kiungo kipate zamu yake ya kuangaziwa. Chanzo cha ukurasa kifunguliwe, na humo yatafutwe maneno ya menyu, kama vile «bonasi», kwa kuwa yasipopatikana hapo yapo ndani ya picha au yanaletwa baadaye na JavaScript. Huduma ya bure ya Google iitwayo Search Console humwezesha mwenye tovuti kuweka anwani moja na kuona HTML kama Googlebot ilivyoiona baada ya kuitekeleza, na hapo ndipo ubishi kati ya mbunifu na mteja unapokwisha. Kwenye kisanduku cha utafutaji, neno `site:` likifuatiwa na anwani ya tovuti huonyesha baadhi ya kurasa zinazojulikana, ingawa hesabu yake ni ya kukadiria.

Search Console ndimo pia onyo hutolewa iwapo mkaguzi wa Google ameiona tovuti kuwa na spamu. Onyo likija, kila kilichofichwa kiondolewe, si kile kilichotajwa tu kama mfano, kisha ombi la kuangaliwa upya litumwe likieleza kilichokuwapo, kilichoondolewa na nani alikiweka. Majibu huweza kuchukua wiki kadhaa, muda ambao katika msimu wa kutangaza bonasi au wa wageni ni mrefu.

Kwa hiyo anayemlipa mbunifu aandike katika mkataba, kabla ya kazi kuanza, kwamba kila kipengele cha menyu kitakuwa kiungo halisi chenye anwani yake, kwamba menyu ya simu itakuwa na viungo vile vile vya kompyuta, na kwamba hakuna maandishi yatakayowekwa kwa ajili ya roboti peke yake. Na awamu ya mwisho ya malipo isitoke mpaka menyu hiyo ifunguliwe mbele yake kwenye simu ya kawaida, JavaScript ikiwa imezimwa.